Chumvi ya Meza Namba Saba

Saa tatu asubuhi, kama kila siku, mpimaji wa kiwanda cha chumvi alichota vijiko tisa, kimoja kutoka kila meza ya wafungaji, akavikoroga katika glasi tisa za maji na kudondoshea kila glasi tone moja la dawa ya madini ya fedha. Glasi nane zikawa nyeupe kama maziwa, ndivyo maji ya chumvi yanavyofanya. Ya saba ikabaki maji matupu.

Akaiosha, akarudia. Akarudia tena kwa glasi nyingine. Kisha akaweka punje chache kwenye kijiko na kukishika juu ya moto. Chumvi hurukaruka motoni na kupasuka. Hii ilitulia tuli, ikayeyuka, ikageuka kahawia, na chumba kizima kikanukia peremende. Akaonja. Ilikuwa sukari.

Mpimaji hakuwa mtu wa kukaa kitako, na asubuhi hiyo ndiyo kabisa. Alikwenda dirishani, akarudi kwenye sinki, akafunga bomba ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Shuleni alifundishwa kwamba chumvi na sukari hazina hata undugu wa mbali: chumvi haina kaboni hata chembe, na bila kaboni hakuna sukari. Aliliamini hilo, na hata sasa analiamini. Kwenye fomu, mbele ya namba saba, akaandika: "Sukari. Safi."

Meza namba saba ilikuwa ya mama yake mdogo. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na ndiye aliyemwombea kazi hapa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichota chumvi kwa mikono mitupu na kuijaza kwenye pakiti, na chumvi nayo haikumwonea haya: vidole vilikuwa vimechanika mpaka nyama. Jioni hakuweza hata kukamua kitambaa. Wafungaji wote tisa walikuwa hivyo.

"Mwanangu, wewe si unaandika kila siku?" alimwambia mara nyingi. "Tuandikie basi glavu."

Kila mara alimjibu, macho chini, kwamba fomu haina nafasi ya mikono. Na kweli haikuwa nayo. Ilikuwa na nafasi ya chumvi tu.

Siku ya tatu meneja aliingia na fomu mkononi. Hakuonekana kushangaa; alionekana kusumbuliwa.

"Mpishi mmoja kaja kulalamika. Anasema mchuzi wake umekuwa juisi. Anayetaka kuuza sukari akafungue kiwanda cha sukari, bwana. Na hapa penye 'chanzo cha kasoro' mbona hujajaza? Jaza leo, la sivyo huyu mama naondoa meza yake."

Mpimaji alishuka kwa wafungaji mbiombio, kalamu sikioni. Alionja kidogo kutoka kwenye rundo lililokuwa mbele ya mama mdogo: chumvi. Akaonja kidogo kutoka kwenye pakiti aliyomaliza kuijaza: sukari. Basi akainama kutazama. Chumvi ilipita juu ya nyufa za vidole, na palepale ilipogusa nyama ikabadilika, ikawa na punje kubwa kidogo, ikadondoka kwenye pakiti.

"Inauma, mama?"

"Inauma kama chumvi. Nikishaiachia ndiyo inakuwa sukari." Akafunga pakiti, akavuta nyingine. "Usinizibie mwanga."

Alipanda ngazi mbili mbili. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, maana hatimaye fomu ilikuwa imepata nafasi ya mikono. Akaandika: "Vidonda vya mikono. Suluhisho: glavu."

Glavu zikaja kesho yake. Jozi moja, namba 7 imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kila kiganja.

Wiki mbili baadaye nyufa zilikuwa zimefunga, na glasi ya saba ikawa nyeupe kama zile nyingine. Meneja alimpiga mpimaji begani. Mpimaji akaona hapo ndipo pa kuombea jozi nane zilizobaki.

"Hao wengine wana kasoro gani?" meneja aliuliza.

"Wana vidonda, mzee."

"Mimi nimekuuliza chumvi yao."

"Chumvi yao ni chumvi."

"Haya. Sasa unataka nini?"

Mama mdogo alijaribu kuzivua glavu ampe mwenzake wa meza ya tatu, mkubwa kuliko wote, ambaye vidole vyake havikunjiki tena. Mtunza stoo akaiona ile namba 7 nyekundu kwenye mikono ya meza nyingine, akazirudisha kwa mwenyewe. Tangu hapo mama mdogo anafanya kazi bila kuinua uso. Nyumbani anasema anaona aibu, na mpimaji anajua kwamba aibu hiyo ameileta yeye.

Siku hizi, kabla ya king'ora cha asubuhi, wanawake wanane hupanga foleni mlangoni kwa mpimaji, kila mmoja na chumvi kiganjani. Angewaandikia uongo bila kusita, lakini meneja sasa huonja mwenyewe kila kinachoandikwa sukari.

"Pima vizuri, mwanangu," alisema leo yule wa meza ya tatu. "Jana jioni niliisikia kama tamu."

Akakoroga. Akadondosha tone. Maji yakawa meupe. Aliiinua glasi kwenye mwanga, akaigeuza, akaitikisa, akangoja yatakate, na mguu wake haukutulia sakafuni muda wote huo.

"Vipi?"

"Chumvi, mama. Safi."

Mama yule akafuta kiganja kwenye aproni, chumvi ikamwingia kwenye ufa, akavuta pumzi kwa meno.

"Basi kesho," akasema.

Nyuma yake namba nne akanyoosha mkono. Mpimaji akachukua glasi nyingine.