Mzee Sipishi

Blessing alimgonga mgongoni mara mbili, na Masele akashuka kwenye lami. Gurudumu la mbele lilidondoka kwenye changarawe, keria ikatikisika, chupa ya uji ikampiga Blessing magotini. Lori la mafuta likawapita, likawamwagia vumbi, likaenda zake Mwanza. Masele alifumba macho mpaka upepo wake ulipokwisha, akafumbua, akaipandisha baiskeli tena barabarani.

"Asante, Mama Adam," alisema bila kugeuka.

Alichojibu Blessing hakukisikia. Hata lile lori hakulisikia.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya Masele, na aliilinda kuliko alivyoilinda baiskeli yenyewe. Miaka sita alikuwa Geita akilisha mawe kwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu inayonguruma kutwa kucha. Dhahabu ilikwenda kwa wenyewe, naye akarudi Shinyanga na mlio wa nyenje masikioni. Mwanzoni nyenje waliimba usiku tu. Kisha na mchana. Kisha wakabaki wao peke yao. Mtu akisimama mbele yake, mahali palipotulia, Masele alimtazama midomo, akaokota neno hapa na pale, akaunga. Kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kimekufa. Mbuke, mkewe, ndiye pekee aliyejua. Maana nani angepanda baiskeli ya kiziwi, ilhali pale kijiweni zimepangwa nyingine thelathini, na bodaboda nazo zinamgombea abiria huyohuyo?

Basi akabuni ujanja wake. Abiria akishakaa, Masele humwambia, "Mimi naangalia mbele, wewe niangalizie nyuma. Gari likija, nigonge mara mbili." Abiria hucheka, huona mzee ana utani, na hugonga. Wapo wanaogonga kwa kidole, wapo wa ngumi, na mama mmoja wa sokoni hugonga kama anataka afunguliwe mlango. Kwa namna hiyo Masele alikuwa na masikio kila alipokuwa na mtu nyuma. Kazi ilikuwa kurudi peke yake. Hapo alishuka, akaikokota baiskeli pembeni kwa mguu, na wenzake wakasema mzee anakionea huruma chuma chake.

Siku moja tu, miaka miwili iliyopita, alichoka kukokota. Jua lilikuwa kali, magoti yalikuwa yanauma, akapanda akaenda zake juu ya lami taratibu, kama mtu aliye uani kwake. Nyuma yake basi lilipiga honi kuanzia Ibinzamata, likapiga na kupiga, wala halikuweza kumpita kwa sababu magari ya mbele yalikuwa yanakuja mfululizo. Lilipopata upenyo lilimpita, likamzibia njia, likasimama. Dereva akashuka, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mtu aliyetoka mbali na aliyechelewa.

"Wewe mzee, sikio la kufa?" alifoka. "Barabara ya baba yako hii?"

Masele alidhani anaulizwa njia. Akamtazama, akatabasamu kwa adabu, akanyoosha kidole kuelekea mjini.

Waliokuwa kando ya barabara walipasuka kwa vicheko na makofi. Watu wa baiskeli, waliopigiwa honi, wakarushiwa maji ya madimbwi na kutukaniwa mama zao tangu wajue kukanyaga pedeli, walikuwa wamempata mtu wao. Jioni ile Fredy, kijana wa kijiweni mwenye mkono mzuri, alichukua rangi nyeupe akaandika kwenye kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu la Masele: SIPISHI. Pale Masele alitakiwa kusema. Hakusema. Ilikuwa miaka mingi tangu watu wampigie makofi, na tuseme ukweli, yalikuwa matamu.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Vijana wa kijiweni wakaacha kuwasikiliza wahenga, wakaanza kumtazama Masele.

Jana yake asubuhi lori lililotoka upande wa Tinde lilimpigia Fredy honi mara tatu. Fredy hakupisha. Ubavu wa lori ukaunasa usukani wa baiskeli. Dereva hakukimbia, alikaa kwenye majani kashika kichwa, akirudia kumwambia kila aliyefika, "Nimepiga honi jamani. Nimepiga honi."

Na leo, kabla hakujapambazuka vizuri, Cornel, mwenyekiti wa kijiwe, alimshika Masele bega akamwambia usoni, polepole kwa sababu ya uchungu, hata Masele akaelewa kila neno: "Fredy anakutaka hospitalini Kolandoto. Mchukue na mkewe, Mama Adam. Halafu Jumatatu tuna kikao na madereva, na trafiki watakuwepo. Wewe ndiye utakayetusemea, mzee. Waambie hatupishi."

Njia nzima Masele alikuwa amelibeba neno moja, zito kuliko Blessing na chupa yake ya uji. Sisikii. Akilisema, hana abiria, na Mbuke hana unga. Asiposema, Jumatatu atasimama mbele za watu kuwasukuma vijana thelathini chini ya malori. Alitamani safari iwe ndefu zaidi, ingawa mapaja yalikuwa yanawaka. Mpaka wanafika alikuwa ameshushwa kwenye lami mara tisa, na kila mara kwa mkono uleule wa Blessing, mwepesi, wa kuaminika.

Fredy alilala karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta hadi pajani, mdomo umevimba upande mmoja. Alipomwona Masele alijaribu kujiinua.

"Shikamoo, Mzee Sipishi."

"Marahaba, mwanangu. Lala, lala."

"Sikupisha, mzee." Mdomo ule uliovimba ulikuwa unatabasamu. "Kweli gete. Honi ya kwanza nikakukumbuka wewe. Ya pili nikasema, mwenzangu siku ile hata shingo hakugeuza. Na mimi sikugeuza."

Masele aliona aibu, tena si ile ya kuchekwa, ambayo mtu huizoea. Alivuta kiti, akakaa mahali ambapo angeuona vizuri uso wa kijana.

"Fredy, mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Honi. Basi. Hata wewe hapo nakusikia kwa macho. Masikio yangu yalibaki Geita, kwenye karasha. Siku ile sikukataa kupisha, mwanangu. Sikujua kama kuna kitu cha kupisha."

Fredy alicheka, akamtazama mkewe ili naye acheke. Blessing alikuwa anamimina uji, na kikombe kilikuwa kimejaa, na bado anamimina. Uji ukatambaa juu ya meza, ukaanza kudondoka sakafuni. Kicheko cha Fredy kikafa.

"Lakini ulimcheka yule dereva. Tulikuona sote."

"Nilidhani anauliza njia."

 Kijana akageuzia uso ukutani, na hukohuko ukutani akaanza kusema. Masele aliona taya likienda juu na chini, aliona mshipa wa shingo ukisimama na kulala, lakini neno hakupata hata moja. Aliinamia kitanda, akajaribu kusogeza kichwa upande huu na huu, mtu mzima anachungulia mdomo wa mgonjwa. Hakupata kitu. Fredy alisema mpaka akamaliza.

"Amesema nini, Mama Adam?"

Blessing aliweka chupa chini. Alimgeukia ili midomo yake ionekane, jambo ambalo hakuna mtu isipokuwa Mbuke aliyewahi kumfanyia.

"Amesema tumwache apumzike."

Maneno yalikuwa mengi kuliko hayo. Hata kiziwi alijua.

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Adam alikuwa ameachwa kwa jirani na hakuwa amezoea kukaa bila mama, kwa hiyo ilibidi warudi. Blessing alisimama nyuma ya baiskeli akikitazama kile kipande cha mpira. Masele aliinama akajaribu kukichomoa, lakini Fredy alikuwa amekifunga kwa waya, akaukaza kwa koleo, kazi ya mtu anayependa anachokifanya. Vidole vya Masele vilishindwa. Alinyanyuka akishika kiuno.

"Mama Adam, ukitaka kupanda gari, nitaelewa," alisema. "Sasa umeshajua."

 Blessing alikaa kwenye keria kama alivyokaa asubuhi, chupa tupu mapajani.

Walitoka hadi barabara kuu, wakashika njia ya mjini. Masele hakumwambia amwangalizie nyuma. Alikuwa amelisema neno lile kwa miaka mingi, sasa liligoma kutoka. Alikanyaga pedeli na kusubiri mgongo wake umwambie kitu, na mgongo ulikaa kimya, na kimya hicho kilimtisha kuliko lori lolote. Hakujua kama barabara ilikuwa tupu au kama mkono ulikuwa umekataa.

Kisha akagongwa. Mara mbili, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko asubuhi.

Akashukuru moyoni, akashuka kwenye lami. Alifumba macho akisubiri vumbi. Vumbi halikuja. Akafumbua, akapanda tena, akakanyaga hatua chache, akagongwa mara tatu mfululizo. Akashuka haraka, akaweka mguu mmoja chini, akasubiri. Hakuna lori, hakuna basi, hakuna hata bodaboda.

Akageuza shingo.

Lami ilikuwa tupu, nyeusi, imenyooka mpaka walikotoka. Hapo nyuma yake Blessing alikuwa ameikumbatia ile chupa kwa mikono yote miwili. Paji lake la uso lilikuwa juu ya mgongo wa Masele, na alikuwa analia, mwili mzima ukitikisika, na kila kwikwi ilikuwa inaligongesha paji lile mgongoni.

Masele aliugeuza uso mbele. Alitaka kumwambia pole, lakini hakujua sauti yake ingetoka na ukubwa gani. Hakurudi kwenye lami. Alikanyaga pedeli polepole kwenye changarawe, mgongo ameunyoosha ili usimkwepe, na kila alipogongwa alisogea pembeni kidogo.