Mtu wa Ongom

Pale Ggaba, kando ya ziwa, kila mchezaji wa Nyavu Stars ana mtu wake kwenye kamati: yule aliyemleta klabuni. Siku ya kupanga kikosi, mtu huyo ndiye anayemsemea, na mchezaji akiachwa, huyohuyo ndiye anayekwenda kuchukua jezi. Ongom, kiungo mkabaji kwa miaka tisa, aliletwa na Guerschom. Msimu huu Guerschom akamleta na Blaise, mdogo wa mkewe Esperance, na nafasi ya kiungo iliyobaki kwenye usajili ilikuwa moja tu.

Jumamosi walikutana nyuma ya duka la Zulaikha, mwenyekiti wao. Nusu ya kamati ni matajiri wa samaki, walewale ambao Ongom huwabebea makreti mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kila alfajiri. Walibishana mpaka chai ikapoa. Huyu anataka wakabaji wawili, yule anasema mmoja anatosha mradi awe na pumzi.

"Ongom hakimbii sana, lakini mpira unamfuata alipo," alisema Zulaikha. "Mimi simwachi bila sababu. Guerschom, wewe ndiye mtu wake. Sema."

Neno moja tu lingetosha. Lakini Esperance alikuwa amenuna wiki nzima, na Guerschom, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, aliogopa kununiwa kuliko dhambi.

"Goti lake limekwisha," akasema. "Usiku halali kwa maumivu. Ameniambia mwenyewe."

Alikuwa ameambiwa kweli, tena juzi tu, wakiwa wawili, na akaapa kwamba yatabaki hapo. Matajiri wakatazamana. Zulaikha akafuta jina la Ongom, akaandika la Blaise, na hakumtazama tena Guerschom mpaka kikao kikaisha.

Jioni Guerschom alikwenda kuchukua jezi kwa miguu mizito. Lakot, mke wa Ongom, alimpokea kwa vigelegele vya utani, akampakulia samaki kabla hata hajaketi. Jezi namba sita ilikuwa juu ya kiti, imepigwa pasi kwa ajili ya msimu mpya. Ongom alimtazama mgeni wake usoni, akaelewa. Akaikunja mwenyewe, polepole, namba ikawa juu.

"Walisema nini?"

Guerschom akajibu: "Banataka vijana."

Ongom alishusha pumzi, kisha akacheka. "Afadhali! Mimi nilikuwa naogopa wamesikia goti. Wale matajiri wakijua, kesho nani atanipa kreti? Lakini wewe tu ndio unajua. Asante kunitetea, ndugu yangu."

Aibu ilimpanda Guerschom mpaka masikioni. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa, na Lakot, akidhani anaomba nyongeza, akamwongezea kipande cha mkia. Akala. Mungu anisamehe kwa kumcheka, lakini mtu yule alikula samaki wote wa watu, machozi yakimlenga, akisingizia pilipili.

Ongom alimsindikiza mpaka barabarani, akichechemea sasa kwa kuwa gizani hapakuwa na wa kumficha.

"Blaise ana haraka sana," alisema. "Namba nane akipanda, yeye abaki. Mwambie kesho anipitie mwaloni. Nikimaliza kubeba, nitamwonyesha."

"Sawa," alisema Guerschom, akaibana jezi kwapani, akaondoka.