Mshipa wa Mbuzi wa Saba

Habarurema alikuwa amebonyeza kipande cha bomba la pumzi kwa ncha ya kidole, akihesabu polepole. Kipande kilicho hai hurudisha wekundu kabla ya tatu. Alipofika kumi kilikuwa bado cheupe kama mhogo uliomenywa.

"Hata kidogo, docteur," alisema.

"Bonyeza pembeni," alijibu Christa, daktari wa mifugo, akimmulikia kwa taa.

Pembeni palikuwa vilevile. Siku kumi na sita zilikuwa zimepita tangu wamshonee mbuzi wa saba kipande cha bomba kutoka kwa mbuzi mwingine. Kipande cha namna hiyo hakiji na mishipa yake. Kisipopata damu upesi huoza, na mnyama hukosa hewa. Ndiyo maana walivuta utando wa mafuta unaofunika matumbo, wakaupitisha chini ya ngozi ya kifua mpaka shingoni, wakakizungushia. Utando ule una mishipa mingi, na damu ilikuwa imepanda vizuri. Ila haikuingia kwenye kipande. Ilichipua mshipa mmoja mwekundu, mnene kama uzi wa kufumia, ukatoka shingoni mwa mbuzi, ukapita chini ya mlango, ukashika njia ya Katoyi, mtaa wa nyumbani kwa Habarurema.

Kosa lilikuwa la Habarurema, naye alikwisha kulieleza. Alikulia kwenye ng'ombe huko Masisi. Kule, ndama akifa, ngozi yake huvalishwa ndama mwingine ili ng'ombe ampokee na kuteremsha maziwa. Kazi hii ya maabara hakuisomea. Aliijua kwa kutazama na kuuliza. Akaona kwamba mbuzi naye angepokea bomba la mgeni kama wote wawili wangelala siku tatu juu ya kitambaa kimoja. Alichokuwa nacho ni kitenge kikuukuu cha mke wake. Damu ikashika harufu ya mwenye kitenge.

Mshipa ulitembea siku tano juu ya mawe meusi ya volkano. Watu waliuegemeza kwenye vijiti ili magurudumu ya tshukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yasiukanyage. Mama mmoja aliuliza kama anaweza kuanika nguo juu yake, akaambiwa hapana, akaenda kuanika kwingine. Alhamisi saa kumi jioni uliingia nyumbani kwa Habarurema, ukapanda kwenye mkeka, ukatulia shingoni mwa mke wake, pembeni ya tundu.

Umutesi alikuwa akipumua kwa tundu hilo tangu kipande cha bomu kimpate kambini mwa wakimbizi, miaka miwili nyuma. Alilifunika kwa kidole kila alipotaka kusema.

"Papa Éphraïm," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mbuzi yako imeniletea damu. Wewe, tangu sikukuu ya Noël, hata kitenge ya kurudisha ile ulibeba haujaleta."

"Inauma?"

"Hapana. Iko na joto." Aliondoa kidole apumue, akakirudisha. "Sasa imebakia bomba tu."

Neno hilo Habarurema alikuwa amelibeba tangu Alhamisi hiyo, na sasa, huku maabarani, kidole chake kikiwa bado juu ya kipande cheupe, alilitoa.

"Docteur, damu imefika kwa bibi yangu. Hii njo kitu wewe mwenyewe unasemaka ni kigumu. Tumushonee kipande kimoja. Kiko mu frigo, kwa baridi."

Christa aliweka taa mezani. Hakukasirika.

"Papa Haba, protocole inasema mbuzi kumi na mbili. Kisha ya mbuzi, nguruwe. Kisha ya nguruwe, watu."

"Watu gani?"

"Wa kule barua za wenye kulipa hii kazi zinatokea. Hapa kwetu ni kujaribu kwa nyama tu, mbuzi na nguruwe."

"Na Umutesi?"

"Hayuko ndani ya protocole." Alivuta daftari karibu. "Niliwaandikia juu yake mara tatu, papa. Wanajibu na heshima sana."

Kisha akasema mshipa lazima ukatwe, la sivyo mbuzi wa saba atakufa kabla ya kupimwa. Habarurema alilijua hilo. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, akikoroma kwa kila pumzi. Habarurema alichukua uzi, akaupitisha chini ya mshipa, kisha uzi wa pili upana wa kidole kimoja mbele yake. Mafundo mawili yangefungwa, na mkasi ungepita katikati.

Alipoushika ili kufunga la kwanza, aliusikia ukipiga. Haukuwa mpigo wa mbuzi yule mgonjwa, uliokuwa wa haraka. Alikuwa amelala karibu na mpigo ule miaka ishirini na miwili.

"Ni yake," alisema.

Christa aliweka vidole viwili juu ya mshipa, akatazama saa yake kwa dakika nzima.

"Sabini na nne," alisema, akaandika.

Umeme ukakatika. Taa ya mkononi nayo ilikuwa imefifia, na kwa mwanga wa dirishani mtu hawezi kufunga fundo la kuaminika. Christa alivua glavu.

"Tutamaliza kesho, papa."

Habarurema aliziacha nyuzi mbili mahali pake, bila kuzifunga. Alilowesha shashi kwa maji ya chumvi, akaufunika mshipa pale palipowekwa nyuzi, usije ukakauka kabla ya kukatwa.