Manjano ya Idah

Mimi manjano nayajua kwa wali na kwa mchuzi. Nimezaliwa Majengo ya Thika, nikaolewa Ruiru, na kote huko sijapata kuona mtu akiyanywa asubuhi na jioni ili apungue mwili. Lakini jirani yangu Idah, fundi wa nguo, alipokuja kuniomba kijiko mwaka ule wa tisini na sita, nilimpa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yeye alikuwa anakohoa ploti nzima ya wapangaji ikisikia.

Mchumba wake Kagwe alikuwa India mwaka wa tatu, akisomea mambo ya chakula na miili ya watu. Mara chache alipiga simu kwenye duka la dawa lililokabili lango letu, na mwenye duka alituma mtu amwite Idah. Idah alikimbia na sindano bado imechomekwa kifuani, mwili wote ukitikisika, maana mwili Mungu alimjalia. Siku moja alirudi kimya. Kagwe alikuwa amemweleza kazi yao mpya: ndani ya manjano mna kitu kinachoyapa rangi, na huenda kitu hicho kikazuia seli za mwili zisijae mafuta. Alieleza kwa furaha, kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Idah alisikia jambo moja tu, kwamba mtu wake huko mbali anawaza jinsi ya kuondoa mafuta.

Nilimwambia hakusemwa yeye. Wapi! Alichemsha manjano na maziwa, akanywa. Hayakufanya lolote ila kumpaka vidole rangi na kumharibia gauni jeupe la mteja. Basi akaanza kuacha chakula. Aliacha chapati, akaacha irio, mwisho akawa analalia kikombe cha manjano tu. Jioni alisimama langoni akilitazama lile duka la dawa, nami nikamkasirikia Kagwe ambaye sikuwahi kumwona. Idah alimtamani mtu yule hadi ikawa vigumu mimi kuketi na Idah.

Akapungua kweli. Ukimwambia mwanamke wa huku amenona, umemsifu; ukisema ameisha, umemzika. Na miaka ile ya ukimwi hakuna aliyeachwa akonde kwa amani. Watu hawakuutaja ugonjwa, walipunguza sauti tu. Wateja wakaanza kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Mgonjwa haulizwi uji, na Idah hakuulizwa kitu. Maneno yakatembea yenyewe mpaka Thika, kwa mama yake Kagwe, naye akamfikishia mwanawe.

Kagwe akaja kutoka India Jumamosi alasiri, bila kutuma habari. Nilikuwa naanua nguo, nikaona mwanamume mrefu amesimama mlangoni kwa Idah akibisha hodi, mfuko mkononi. Idah alikuwa ameijua sauti yake kabla hajamwona. Alitupa kitambaa, akajipangusa uso, akatoka mbio. Kisha akauona mfuko. Ndani yake mlikuwa na mkate, maziwa na pakiti ya glukosi.

Kila mtu hapa anaujua mzigo huo. Ndio tunaopeleka hospitalini. Mchumba anayetoka ng'ambo huleta kitambaa, saa, hata sabuni ya kunukia. Idah akaelewa kwamba Kagwe amekuja kumjulia hali, si kumchukua.

Ukuta wetu ni wa mbao, kwa hiyo nilisikia Idah akimweleza yote, manjano, maziwa, njaa.

"Idah, hizo ni seli za panya ziko kwa sahani ya glasi," Kagwe akasema. "Tunamwagia hiyo kitu, zingine zinakataa kujaa mafuta. Hata panya mzima bado hatujampa. Mtu akikunywa, karibu yote inapita tu."

"Si ulisema inazuia mafuta?"

"Nilisema ya seli. Wewe nilikuwa nakuota vile ulikuwa. Hiyo mikono."

Nilifurahi kuliko yeye, nusura nigonge ukuta. Idah akalia, akacheka, akawasha stovu. Alipika chai kwa yale maziwa, akammiminia. Nikangoja kumsikia akivuta funda la kwanza. Sikusikia.

Mlango wao ulikuwa wazi, nikapita na beseni langu, wala sikujificha. Kagwe alikishika kikombe kwa mikono miwili, akiutazama ukingo wake. Alijua vizuri kuliko sisi sote kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe. Bado hakukiinua. Utando wa maziwa ukajikunja juu ya chai.

"Lakini ulipimwa?" akauliza polepole.

Idah alikichukua kikombe mikononi mwake, akakinywa chote pamoja na utando. Baadaye aliniambia miaka mitatu ya kumngoja haikuwa mirefu kama chai ile kupoa.

"Enda, Kagwe," akasema. "Rudi ukiwa na kiu."

Akaenda. Idah akakata mkate wa mgonjwa vipande vinene, akaniita, tukala wote. Alikula kama mtu aliyeshinda shambani, machozi yakimshuka, wala hakuyaficha. Kisha akateleka chai nyingine, akapanga vikombe viwili, akasema cha pili ni changu. Lakini kila lango lilipolia, aliacha kutafuna.