Deni la Uzazi la Wifi Verna

Wifi yangu Verna Lahti alijifungua mtoto huko Texas akiwa na miaka sitini na miwili. Texas yenyewe hajawahi kuikanyaga, na kizazi chake madaktari wa hapa Duluth, Minnesota, walishakitoa zamani. Lakini ripoti ya mikopo, ile wanayoisoma benki kabla ya kukukopesha, ilisema amejifungua, tena kwa upasuaji, kisha akatoroka na bili ya hospitali, dola elfu kumi na nne. Na ripoti ya mikopo ikishasema, wewe ni nani ubishe?

Tuligundua siku alipokwenda benki. Verna alikuwa akimwendeshea mzee Gunnar Ostby sauna yake, nyumba ya kuogea mvuke wa mawe ya moto, tangu enzi za marehemu mumewe. Kupasua kuni, kupasha mawe, kuwatimua walevi, yote yeye. Sasa magoti yalikuwa yamemshinda Gunnar, akataka kuhamia Arizona akaote jua. Akamwambia, "Verna, nakuuzia wewe kwanza. Ila usinikalishe hapa mpaka theluji nyingine."

Benki alipokelewa na kijana mmoja, Preston, meno meupe na tai ya buluu. Akaitazama kompyuta yake, akasikitika kama mtu anayelipwa kusikitika.

"Mama, kuna deni la hospitali hapa. Limeshafika kwa wakusanya madeni. Mkopo hautawezekana."

"Hospitali gani?"

"Ya Texas. Huduma ya... uzazi."

Verna akasimama, akajigeuza mbele yake. "Nitazame vizuri, mwanangu. Unamwona mzazi hapa?"

"Mimi nafuata mfumo tu, mama."

Mfumo! Watu wazima na digrii zao, wamejibanza nyuma ya neno moja kama watoto nyuma ya pazia, miguu yote nje.

Basi akaiandikia ofisi inayotunza hizo ripoti, kupinga deni. Akaambatanisha nakala ya leseni yake ya udereva na cheti cha daktari aliyemtoa kizazi. Akasubiri. Jibu likaja, mistari miwili: wamechunguza, taarifa ni sahihi. Unajua walichunguzaje? Waliiuliza kampuni inayodai, iitwayo Pelltree, "Hivi kweli mnamdai?" Pelltree wakasema, "Kweli." Uchunguzi ukaisha. Ni sawa na kumkuta mtu na kuku wako kwapani, ukamuuliza kama ni wake, akiitikia unamfungulia na geti.

Hao Pelltree hawakuwahi kumtibu mtu hata mafua. Kazi yao ni kununua madeni yaliyochacha kwa bei ya kutupa, halafu wanapigia watu simu wakati wa chakula. Verna akawapigia yeye, akampata kijana mwenye sauti ya asali.

"Mama, ukilipa nusu leo, tunalifuta."

"Nusu ya mtoto? Nusu ipi, ya juu au ya chini?"

"Tunajaribu kukusaidia, mama."

"Mnisaidie kunyonyesha basi!"

Akakata. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka.

Mume wangu Reino, kaka yake, ndiye aliyepekua mtandaoni akampata mwenye deni: Verna Lahte, binti wa mji mdogo wa Texas ambako hospitali ile ipo. Herufi moja tu imebadilika. Wifi akaja jikoni kwangu nikimenya viazi, akaweka simu mezani ili wote tusikie. Alikuwa amejiandaa kutukana, nilimwona anavyovuta pumzi.

"Wewe ndiye Verna Lahte? Unajua deni lako limenikaba mimi huku Minnesota?"

Tukasikia mtoto analia, na binti anambembeleza. "Samahani, mama. Bima walisema wamelipa. Baadaye wakasema hawalipi. Nafanya kazi kiwanda cha kuku, nilidhani... Samahani sana."

Verna akavuta kiti, akakaa. "Mtoto anaitwa nani?"

"Ezra."

"Mpe maziwa, analia njaa huyo," akasema, akakata. Matusi yote akarudi nayo nyumbani.

Lakini Pelltree hakuwasamehe. Akawashtaki mahakama ya madai madogo. Walimtuma wakili kutoka Minneapolis, viatu vinang'aa, hajui hata anamtetea nani. Jaji, mama mnene aitwaye Marit Solheim, akamuuliza:

"Huyo mdaiwa wenu kazaliwa mwaka gani?"

Wakili akapekua karatasi. "Elfu mbili na moja, mheshimiwa."

"Na huyu aliyekaa hapa?"

Wakili akamgeukia Verna kwa mara ya kwanza, akaona mvi. "Kompyuta ililinganisha majina, mheshimiwa. Na mlalamikaji hajathibitisha kwamba hakujifungua."

Chumba kizima kikaguna. Jaji akavua miwani. "Wakili, unataka athibitishe vipi? Hapa hapa?"

Nilitamani kumwonea huruma yule kijana, nikashindwa. Jaji akaamuru deni lifutwe kwenye ripoti na Pelltree wamlipe Verna fidia. Nje ya chumba, wakili akatufuata, tai imepinda.

"Mama, samahani. Kwani huyo mwingine unamfahamu? Anapatikana wapi?"

"Nani?" wifi akasema. "Mimi mzee, sikumbuki hata watoto niliozaa."

Akamwacha pale mlangoni.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Gunnar alisubiri, haki yake nimpe, lakini theluji ilipoanza akamuuzia daktari wa meno na mkewe. Mawe wakayatupa, benchi wakazing'oa, sasa panauzwa mishumaa ya kunukia. Wiki hiyo hiyo Preston akapiga simu, furaha tele.

"Hongera, mama! Alama zako za mikopo zimepanda sana. Sasa unaweza kukopa karibu chochote."

"Nikope ninunue nini, mwanangu? Mshumaa?"

"Tuna mikopo mizuri ya magari..."

"Preston, mlininyima nilipohitaji, mnanibembeleza nisipohitaji. Mwambie mfumo wako nimemsalimia."

Zile pesa za fidia alinunulia mbao na jiko la chuma, Reino akamjengea sauna ndogo uani kwetu. Inavuja pembeni, na wakiingia watu sita wa saba anabaki mlangoni. Jumamosi wateja wa zamani wanakuja na taulo mabegani, wanakunywa kahawa yangu, wananimalizia mikate. Verna anamwaga maji kwenye mawe, akiwaponda Pelltree kwa lugha nisiyoweza kuiandika. Kila Krismasi anatuma kifurushi Texas, nguo za mtoto, na ukimuuliza ni za nani anakwambia uangalie mambo yako.