Buji za Utulivu na Maji ya Mapacha

Robine za maji za mstari wa nyumba za kina Mama Mianda, kule kambi ya kampuni ya mgodi ya Musonoi, zilikauka kabla binti yake Mbombo hajajifungua. Mbombo akazaa mapacha, Mbuyi na Kabanga, na mapacha hawaogeshwi kwa mate. Basi Mama Mianda akajifunga kitenge, akaenda kwa chef wa kambi, Tata Tshibangu, akamweleza habari ya maji kwa sauti ambayo hata walinzi wa getini waliielewa.

Tata Tshibangu alimsikiliza huku ananyoosha kola ya abakosi, suti yake isiyovaliwa tai.

"Mama, shida yako haiko maji," akasema. "Shida yako ni roho ya moto. Uende kwa foyer ya wamama, citoyenne Mbayo akufundishe kutengeneza buji. Siku atasema umetulia, njo nitasikia ile maneno ya maji."

Citoyenne Mbayo, yaani mwananchi Mbayo, zamani aliitwa Odile, lakini serikali ilikataza majina ya Kizungu pamoja na mawigi. Alikuwa ametoka semina Kinshasa, na huko aliambiwa kwamba mwanamke anayemimina nta ya buji, yaani mishumaa, polepole hana nafasi ya kugombana. Kwa hiyo akapanga kwenye mabenchi ya foyer wanawake wote waliolalamika: wa maji, wa unga, wa mabati yanayovuja.

"Mufunge macho," akawaambia. "Muvute pumzi. Musikilize nta."

"Inasema nini?" akauliza jirani wa Mianda, Mama Kabedi.

"Haiseme kitu, mama. Njo utulivu."

"Kumbe ni kama bureau ya chef, ukipeleka shida."

Mama Mianda hakucheka. Alifumba macho kwa nguvu, maana alitaka kutulia upesi kuliko wote. Akili yake ilikuwa nyumbani, kwa wale watoto wawili ambao Mbombo alikuwa akiwapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kama mtu anayefuta meza.

Sasa, nta haiwekwi juu ya moto hivihivi, itawaka. Sufuria ya nta hukaa ndani ya sufuria ya maji. Citoyenne Mbayo akafungua robine ya foyer. Ikakohoa, ikanyamaza.

"Vuta pumzi, citoyenne," akasema Mama Kabedi.

Citoyenne akaivuta pumzi yenyewe, ikagoma. Asubuhi ileile wakubwa wa kampuni walikuwa waje kutazama ule utulivu. Akatoka mbio, viatu mkononi, akafika kwa chef, na walinzi wa getini wakaelewa kila neno. Yeye hakutumwa kutengeneza buji. Kabla uji haujapoa, lori la maji lilisimama mbele ya foyer, limejaa mpaka linamwagika barabarani.

"Kumbe lori iko," akasema Mama Mianda, polepole, kama alivyofundishwa. Akachukua beseni, akaliweka chini ya bomba la lori. Wenzake wakapanga yao nyuma.

Tata Tshibangu akatokea na wakubwa wake. "Mama Mianda, ile maji ni ya buji."

Mama Mianda hakubisha. Alivuta pumzi mpaka chini kabisa, akatoa wimbo wa mapacha. Kwa watu wa Kasai, mapacha wakizaliwa wanawake huimba matusi mchana kweupe, na anayeimbwa hana ruhusa ya kukasirika, asije akawaletea watoto ugonjwa. Akaliimba tumbo la Tata Tshibangu, linalofika kazini mbele ya mwenyewe. Mama Kabedi akaitikia kwa mambo ya chini ya tumbo, ambayo hayaandikwi. Benchi lote likapiga mabeseni.

Wakubwa hawakujua Tshiluba, lugha ya wimbo ule. Wakapiga makofi, wakamsifu citoyenne Mbayo kwamba mama hawa kweli wametulia.

Tata Tshibangu alikuwa Muluba wa Kasai, na mama yake mzazi alikuwa bado hai, angesikia kwamba amevunja mila. Akacheka kwa meno ya mbele tu. Tena anayeimbwa lazima atoe kitu.

"Haya. Lori iende kwa mustari yenu."

"Ya Mbuyi ao ya Kabanga, tata?" akauliza Mama Mianda.

Tata Tshibangu akajifuta uso. Pacha mmoja hapewi kitu mwenzake akakosa, hilo alilijua tangu utoto.

"Mbili," akasema. "Itarudia."

Mbuyi akaogeshwa kwa lori la kwanza. La pili lilifika kabla jua halijashuka, na dereva mwenyewe akabeba ndoo ya Kabanga mpaka mlangoni, maana naye alikuwa na tumbo la kuimbwa.