Bangi ya Province

Katika avenue yetu hapa Likasi, mtu akipata barua ya Kifaransa anapita milango kumi kuja kwangu. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, na mwaka ule nilipata zawadi ya kwanza ya dikte, imla ya Kifaransa: kitambaa cheupe chenye ua jekundu kwenye pembe. Wajukuu wangu wanaijua habari ya kitambaa hicho kuliko Baba Yetu. Nawaambia mapema ili mjue kichwa kilichotutia matatani kilikuwa na ukubwa gani.

Jumanne moja nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, redio iko dirishani. Waheshimiwa wa province, jimbo letu, walikuwa wanavutana na Kinshasa: sheria zipi zitoke kule, zipi tujitungie wenyewe. Mmoja akapaza sauti mpaka redio ikakwaruza: "Le chanvre provincial est libre!" Hapo hapo umeme ukakatika.

Mchi ukabaki hewani. Chanvre, kwa Kifaransa, ndiyo bangi. Nikapanga maneno moja moja, kama masista walivyotufundisha. Bangi. Ya province. Iko huru. Nikaelewa vizuri kabisa: bangi ya Kinshasa bado imekatazwa, lakini hii inayoota katika udongo wetu imeachiwa.

Nikamfikiria Théophile, mdogo wangu. Ana miaka sitini na minane, alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha mpaka pensheni, na analala katika chumba changu cha uani. Miaka yote anavuta bangi nyuma ya choo akidhani sijui. Shina lake moja limejificha katikati ya mahindi, na ni mimi ninayelimwagilia maji, najifanya sioni. Si dawa ya ugonjwa wowote. Anavuta, anacheka peke yake, basi. Ilinihuzunisha mzee mzima kwenda kuchekea chooni.

"Théo," nikamwambia, "toka huko nyuma. Sheria imebadilika."

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "uko hakika?"

"Nilisikia na masikio yangu. En français."

Hakuuliza tena. Kwa Kifaransa, mdogo wangu ananiamini kuliko padri.

Kesho yake nikatangaza kwenye bomba, mbele ya wamama na ndoo zao. Noëlla, yule anayeuza mikate, akatua ndoo chini. "Mama Suzanne, bangi? Ile ya kuvuta?"

"Ya province tu," nikamsahihisha, na kidole nikainua. "Ya Kinshasa, hapana. Musichanganye."

Mchana Théophile akavaa shati la misa, akatoa kiti chake mbele ya nyumba, akawasha. Polisi wawili waliokuwa wanapita wakamwuliza kama kichwa chake ni kizima. "Niko katika sheria," akawajibu, akawaonyesha hata shina lilipo. Wakaling'oa, wakaondoka nalo, na yeye pia. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta kiti peke yake, na kandambili moja chini yake.

Nikavaa pagne ya Pasaka, kitenge changu kizuri. Kitambaa nikakitia mfukoni, sijui kwa nini. Labda nilidhani ni hati.

Afisa wa polisi kituoni aliitwa Barnabé, miwani iko juu ya paji la uso. Shina lilikuwa limelala mezani na udongo wake, sisimizi mmoja anatembea kuelekea kwenye muhuri. Théophile alikaa kwenye benchi, mguu mmoja umekanyaga mwingine.

"Patron, kuko makosa," nikaanza. "Hii ni bangi ya province."

Barnabé akaligeuza shina. "Na ya Kinshasa iko namna gani, mama? Inavaa kravati shingoni?"

"Province iko na sheria zake."

"Iko nazo, kwa mambo yake. Lakini bangi inakatazwa na sheria ya inchi nzima. Hata gouverneur akiota usiku kama imeruhusiwa, asubuhi ataikuta imekatazwa."

Akatueleza bila ukali. Kama mzee alifanya akijua ni kosa, faili inakwenda tribunal, mahakamani, leo hii, na kutoka kule ni gereza. Kama kuna aliyemdanganya, ni mambo mengine. "Sasa, mzee, nani alikuambia?"

Théophile akatazama kandambili yake. "Hakuna muntu. Niliwaza miye mwenyewe."

Barnabé akachukua kalamu. Mdogo wangu alikuwa anakwenda gerezani ili mimi nibaki mwenye akili wa avenue. Na mimi, sitawadanganya, niliitazama kalamu ile. Nilikuwa naomba wino uwe umekauka. Haukukauka. Nikaiona herufi ya kwanza ya jina lake.

"Ni miye," nikasema. "Nilisikia kwenye redio."

"Walisema nini?"

"Le chanvre provincial est libre."

"Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wa masista, wenye mikia. Akashusha miwani, akasoma, akamwita mwenzake aje kusoma. Kisha akaandika chini yake: La chambre provinciale. "Chambre, mama. Baraza la province. Yule mheshimiwa alisema baraza liko huru kujadili. Na miye nilimusikia."

"Lakini chambre si chumba cha kulala?"

"Wengine wanalala mule, ni kweli."

Nikatazama maneno yale mawili. N na V, M na B. Kwa herufi mbili mdogo wangu alikuwa anakwenda gerezani na kandambili moja.

Barnabé akacheka mpaka akafuta macho. Théophile naye akacheka, kile kicheko cha nyuma ya choo, nikamkanyaga mguu. "Shina linabaki hapa," Barnabé akasema. "Mzee anarudi nyumbani, na nisimuone tena. Na weye, nkambo, bibi yetu, kesho pale pale kwenye bomba, urekebishe habari yako, kabla avenue nzima haijanijia hapa."

Asubuhi nikasimama juu ya jiwe la kufulia. "Wamama, nilikosea. Ni chambre, si chanvre. Bangi ingali imekatazwa, ya Kinshasa na ya province."

"Asante, Mama Chambre!" Noëlla akapiga kelele. Ndilo jina langu mpaka leo.

Théophile alikuwa kwenye mstari na ndoo yake, kandambili zote mbili miguuni. "Lakini Yaya, si ulikuwa wa kwanza katika dikte?"

"Nilikuwa wa kwanza."

"Kati ya batoto bangapi?"

Miaka sitini, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Batatu," nikasema. "Bengine balikuwa na surua."